Hamu kwa Kiingereza

Kama kulikuwa na mtu mwenye furaha Marafa nzima siku hiyo, basi ni Kadii binti Kiponda. Alioga mara mbili. Alibadilisha leso mara tatu, akarudia ile ya kwanza. Na kwa nini asifanye hivyo? Baada ya miaka yote ile ya kuvutana na babake, Joram alikuwa anakuja na watu wake kuleta mnazi wa posa, lile tembo la kumchumbia, mchana kweupe, kila mwenye macho aone.

"Tulia nikufunge vizuri," alisema shangazi Kahonzi, ndugu ya babake, aliyemlea tangu mamake alipofariki. "Unatetemeka nini? Mwanamume si umemtaka mwenyewe?"

"Nimemtaka, shangazi. Ndiyo maana natetemeka."

"Makubwa! Haya, tetemeka, lakini usinimwagie mafuta."

Joram alikuwa mwalimu wa ngumbaru kule Gongoni. Jioni aliwafundisha vibarua wa kiwanda cha chumvi kusoma na kuandika, na kidogo cha Kiingereza kwa waliotaka. Mtu wa bara, mrefu, sauti yake nzito na ya pole, kaunda suti yake imenyooshwa hata siku za jua kali. Kadii alikuwa akiwapikia vibarua hao hao kwenye kantini. Akimaliza kuosha masufuria, alikwenda kukaa nyuma ya darasa, mikono bado inanuka vitunguu.

Mapenzi yao yalianzia ubaoni. Jioni moja Joram aliandika neno "year", akasema ni mwaka. Chini yake akaandika "yearly", yaani kila mwaka. Kisha "yearling", ndama aliyetimiza mwaka mmoja. Kisha "yesteryear", miaka ile iliyokwisha pita, ambayo mtu akiikumbuka hushusha pumzi. Halafu pembeni, peke yake, akaandika "yearn". Hilo, alisema, limefanana na wenzake kwa sura tu, maana yake ni nyingine kabisa. Akaliacha hapo bila kulieleza.

Watu walipotoka, Kadii alibaki kumsaidia kufuta ubao.

"Mwalimu, lile la pembeni maana yake nini?"

Joram alimtazama mpaka Kadii akainamisha macho. "Lile silielezi mbele ya watu," alisema taratibu. "Ni kuwa na hamu ya kitu kilicho mbali, mpaka hamu yenyewe inauma. Hapa." Akagusa kifua, kifua chake mwenyewe, na adabu hiyo ndiyo iliyommaliza Kadii.

Mwaka uliofuata Joram alikwenda likizo kwao bara, akauguliwa huko na mamake, akakawia. Aliporudi alimwuliza Kadii kama alimwonea hamu. Kadii, naye mapenzi yamemjaa tele, akamwambia jambo ambalo hangemwambia mtu mwingine yeyote duniani. Joram aliacha shati lake kantini siku ya kusafiri. Kadii alilichukua, akalala nalo kila usiku, akakataa kulifua lisije likapoteza harufu yake. Joram alimshika mikono yote miwili. "Hilo ni letu sisi wawili," alisema. "Nitakufa nalo."

Tangu hapo hata vibarua walizoea kumsalimia kwa Kiingereza akiwapakulia chakula. "Madam Kadii, you yearn?" walikuwa wakimwuliza, na kucheka. Kadii alicheka nao. Alifurahi kuona wanafunzi wa Joram wanashika masomo.

Nyumbani sasa, ndiko kulikokuwa na kazi. Mzee Kiponda hakutaka hata kulisikia jina la Joram. "Mtu wa bara huyo!" alikuwa akifoka. "Leo yuko hapa, kesho kahamishwa. Atakubeba akupeleke huko kwenye baridi, na mimi nikifa utaambiwa na redio." Kadii alikataa kula. Akawakataa wachumba wawili wa hapo hapo Magarini, watu wenye minazi na mikorosho yao. Majirani wakamsema, wakamsema na babake kwa kushindwa na mtoto wa kike. Wenzake aliocheza nao walikwisha kuwa na watoto wa kwenda shule. Mwishowe Kiponda alichoka. Siku moja alisema, bila kumtazama, "Mwambie aje." Kadii alimshika babake miguu akalia kwa shukrani, na mzee naye akajifanya moshi umemwingia machoni.

Basi walikuja. Pikapu ya kukodi ilisimama nje ya uwa, akashuka Joram pamoja na Mzee Gerishom, baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji. Nyuma wakashusha mtungi wa mnazi, ukawekwa barazani mbele ya Kiponda na wazee wawili wa ukoo.

Mnazi huo una adabu yake. Hanywi mtu kwanza. Binti huitwa, akaulizwa na babake mbele ya wote kama mnazi wa watu hawa unywewe. Akikubali, huonja kidogo kwa mrija kutoka kwenye mboko, kile kibuyu kidogo cha kunywea, kisha humpa babake, na hapo amekwisha kuwa mchumba wa watu. Akiuweka mboko chini, wageni hubeba mtungi wao wakaenda zao. Na muda wote huo mwoaji hafungui mdomo. Hukaa, akatazama vidole vya miguu yake, akasemewa.

Kadii alichungulia kupitia upenyo wa makuti jikoni. Joram alikuwa kwenye kigoda, kaunda suti ya kijivu, magoti juu juu kwa urefu wake. Akainua macho, akayaona ya Kadii pale upenyoni, akatabasamu. Kadii alitabasamu naye. Alimpenda mtu huyu, jamani. Alimpenda mpaka akili haifanyi kazi.

"Wazee," Mzee Gerishom alianza, "kijana wetu amekaa kwenu mpaka amesahau njia ya nyumbani. Tumekuja kumwona huyo aliyemfunga miguu."

"Karibuni," alisema Kiponda. "Na sisi tuna swali. Binti yetu alikuwa hakosi kwenye darasa la huyu kijana. Alikuwa anafundishwa nini hasa?"

Lilikuwa swali la mzaha, la kumpa Gerishom nafasi ya kusifu. Gerishom alifungua mdomo. Lakini Joram alikuwa ameshasimama.

"Hilo nijibu mwenyewe, baba mdogo," alisema, na mikono ikaenda nyuma ya mgongo, vile anavyosimama mbele ya ubao. "Wazee wangu, nimemfundisha maneno. Hata nyinyi nitawafundisha leo. Semeni: year."

Wazee walitazamana. Mmoja akajaribu, "Yia," akacheka meno nje.

"Vizuri sana! Ni mwaka. Sasa, yearling. Huyo ni ndama wa mwaka mmoja, mtamba mdogo, laini, maziwa bado mdomoni. Sasa nasikia nyinyi mnataka ng'ombe wengi. Kwa yearling ningewatoa wote bila kunung'unika. Lakini huyu wenu..." Akanyoosha kidole jikoni. "Wazee, tuseme ukweli. Huyu ni wa yesteryear. Wa miaka ile! Si mnipunguzie?"

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Kiponda alijipiga paja. Kiponda, aliyekuwa akimwita Joram mwizi wa watoto wa watu, leo alicheka mpaka akakohoa.

Jikoni Kadii alisikia kila neno. Miaka hiyo anayochekwa ameipoteza wapi, kama si kumngojea mtu huyo huyo?

"Ni utani wa posa," alinong'ona shangazi Kahonzi. "Usiutie moyoni."

"Utani wa posa husemwa na msemaji, shangazi. Yeye alitakiwa anyamaze."

"Mtu wa bara, hajui."

"Nilimweleza mwenyewe. Mara ngapi!"

Huko barazani mwalimu alikuwa amekolea. Aliwaambia wazee kwamba limebaki neno moja, tamu kuliko yote, "yearn", na maana yake ni hamu inayouma. Kadii alisogeza jicho upenyoni. Hapana, alijiambia. Hilo hataligusa.

Aliligusa. "Na mfano wake ni huu. Nilipokwenda likizo, binti yenu alilala na shati langu! Shati chafu, la jasho! Hakulifua, anainusa harufu yangu usiku kucha. Hiyo sasa, wazee, ndiyo yearn!"

Safari hii alicheka Gerishom peke yake, tena kidogo, kisha akanyamaza alipoona wenzake hawacheki. Mzee aliyesema "yia" aliangalia pembeni. Kiponda alikuwa akitazama chini. Kwa watu hawa baba na binti hawazungumzi habari za kitanda, si kwa maneno wala kwa ishara, na sasa habari hizo zimemwagwa mbele yake na mgeni aliyesimama wima.

Lakini Joram hakuona. Ukimya aliudhani ni wa wanafunzi wanaosikiliza. "Kadii!" aliita. "Hebu njoo uwaambie mwenyewe. Usione haya!"

Kadii alitoka. Alipiga goti. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba," waliitikia kwa sauti ndogo.

"Haya, sema," Joram alimhimiza, uso umejaa fahari. "I yearned for you. Waonyeshe."

Kadii aliinua macho kumtazama. Walikuwa wamempa korosho za kukaribisha wageni, na chembe zilikuwa zimeganda pembeni mwa midomo yake. Midomo hiyo! Alikwisha kesha akiiwaza. Sasa aliiona inameremeta mafuta, inachezacheza, inamngoja aseme somo, na kinyaa kikampanda. Si hasira. Hasira angeijua. Hiki kilikuwa kile cha mtu aliyekata papai zuri akakuta funza, na tayari amekwisha meza kipande.

"Naomba ruhusa nikalete mboko," alimwambia babake, akaondoka bila kutamka neno la Kiingereza.

Hakufika jikoni. Joram alimwandama, akampata nyuma ya nyumba, penye kibanda cha mbuzi.

"Wewe Kadii, mbona umeniaibisha vile?"

Kadii alidhani amesikia vibaya. "Mimi? Mimi ndiye niliyekuaibisha?"

"Ungesema tu. Neno moja. Wazee walikuwa wamefurahi."

"Joram, umemwambia babangu ninalala na nguo yako. Babangu!"

"Ah, ni mzaha. Nilitaka waone vile unanipenda. Kuna ubaya gani kupendwa?"

"Ulisema lile ni letu wawili. Ulinishika mikono ukasema utakufa nalo."

Joram alicheka, kile kicheko chake cha pole alichokipenda Kadii miaka yote. Akasogea karibu. "Sasa wewe, kwani ni siri ya serikali? Kila mtu Gongoni anajua. Hata darasani natumia mfano huo. Neno likiwa gumu, lazima utoe mfano, la sivyo hawashiki. Wale vibarua wanaupenda sana. Nikiandika tu yearn, wote wanapiga kelele: Kadii na shati!"

Upepo ulileta harufu ya mbuzi. Mbele ya macho ya Kadii ikapita foleni ya kantini, kila mtu na sahani yake. Madam Kadii, you yearn? Wanacheka. Na yeye anacheka nao, mjinga, anawaongezea mchuzi! Kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, wanaume wazima wamemtazama wakiona godoro lake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nini?"

"Mfano wako. Umeanza lini kuutumia?"

"Tangu niliporudi. Wiki ile ile, nafikiri." Akanyoosha mkono amshike shavu. "Kadii wangu, usikasirike siku ya leo."

"Usiniguse."

"Kadii."

"Usiniguse nitatapika, Joram. Wallahi nitatapika juu ya suti yako."

Mkono ulibaki hewani. Mwalimu aliushusha taratibu. Alimtazama kwa macho yale yale ya siku ya ubao, na Kadii akagundua, kwa uchungu mkubwa, kwamba macho bado ni mazuri. Bado angependa kuyatazama. Hapo akajionea kinyaa hata yeye mwenyewe.

"Toka huko nyuma, mwanamume!" Shangazi Kahonzi alikuwa amefika, mboko mkononi. "Mwoaji hafiki huku. Nenda ukakae na watu wako."

Joram alikwenda. Kahonzi alimgeuza mpwa wake, akamfuta uso kwa ncha ya leso.

"Nimesikia," alisema. "Yote nimesikia. Ni upuuzi, ni uchafu, sina la kumtetea. Lakini nisikilize, mama. Miaka imekwenda. Wale wawili uliowakataa wameshaoa. Ukiweka mboko huu chini leo, hakuna atakayekuja tena kubisha mlango wa Kiponda. Na babako, aliyekula matusi ya majirani kwa ajili yako, atawaambia nini? Wanaume wote wana mdomo. Huyu angalau unampenda. Fumba macho uonje."

"Wewe ungeonja?"

Kahonzi aliugeuza mboko mkononi. "Mimi nilionja," alisema. "Sikuulizwa kama nataka, lakini nilionja, na nimeishi."

"Umeishi vizuri?"

"Chukua mboko, Kadii. Wanangoja."

Alichukua. Walipofika barazani, mmoja wa wazee alichota mnazi akaujaza mboko, akatia mrija. Povu jeupe lilipanda likashuka. Joram alikuwa amerudi kigodani na sasa ndiyo anaangalia vidole vyake vya miguu, kumekucha! Kadii alipiga goti mbele ya babake.

Kiponda hakumtazama usoni. Tangu habari ya shati, hakuweza. "Binti yangu," alisema, na sauti ikakwaruza, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Uliwataka mwenyewe?"

"Niliwataka mwenyewe."

"Mnazi wao tunywe?"

Kahonzi alikuwa anamtazama. Gerishom alikuwa anamtazama. Joram aliinua uso, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye swali hilo ameshaliona jibu lake. Ni tabasamu hilo. Laiti angeogopa kidogo tu, pengine Kadii angeshindwa kukataa.

Kadii aliuweka mboko chini, taratibu, usimwagike.

"Baba, msinywe."

"Ebo!" Gerishom alisimama. "Mzee, huyu msichana ana nini? Tumetoka mbali! Si ni yeye aliyekuwa anamlilia kijana wetu?"

"Kadii, please," alisema Joram. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama suti yake. "Ni neno tu. Ni neno moja tu."

Kadii aliendelea kumtazama babake. Wazee wote walimgeukia Kiponda. Alishindwa na mtoto mara ya kwanza alipomkataa Joram, na leo anashindwa tena baada ya kumkubali. Angeweza kufoka. Angeweza kumlazimisha, na hapana mtu pale ambaye angemlaumu. Mzee aliutazama mboko uliokaa sakafuni, akamtazama Joram muda mrefu.

"Mtungi wenu huo," alisema. "Umejaa vile mlivyouleta. Dereva wenu awasaidie kubeba."

Walibeba. Gerishom alikwenda akilalamika mpaka mlangoni. Joram aliendelea kugeuka nyuma, kila hatua anageuka, na mara ya mwisho aliinua mkono nusu, akaushusha. Kadii alitazama mpaka pikapu ikawashwa. Ndipo alipokaa chini pale pale, akajifunika uso kwa leso na kulia kilio cha msiba.

Kiponda aliwaaga wazee wenzake. Alirudi, akasimama juu ya mwanawe bila kujua aiweke wapi mikono yake.

"Sasa unalia nini?" aliuliza. "Si umekataa mwenyewe?"

"Nampenda, baba," Kadii alisema ndani ya leso. "Bado nampenda. Nimemchukia na bado nampenda."

Huko nje pikapu ilikuwa imekwama kwenye mchanga. Injini iliunguruma, ikazimika, ikaunguruma tena. Ilikuwa karibu, ya kuita tu mtu akasikia.

"Nimwite?" aliuliza Kiponda.

Kadii alifunua uso. Alisikiliza ile injini ikihangaika, mikono ameikunja kifuani kwa nguvu, meno yameumana.

"Ukimwita," alisema, "nitamrudia. Kaa na mimi hapa, baba, mpaka waende."

Kiponda alikunja magoti yake ya uzee, akakaa sakafuni kando ya binti yake.